Hofu ya Furu na Subira ya Mfugaji: Namna ya Kumzoesha Samaki wa Tangini kwa Binadamu

Utangulizi

Waswahili husema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aghalabu methali hii hutumiwa kumweleza binadamu aliyewahi kufikwa na madhara, naye akabaki na tahadhari hata mahali pasipo na hatari. Ni nadra sana kuisikia ikitumiwa kumhusu samaki. Samaki wa methali zetu huwa keshavuliwa: ama anakunjwa angali mbichi, ama ameoza na kuwaozesha wenzake. Samaki aliye hai, anayeona, anayesikia na anayeogopa, hatajwi mara nyingi katika maandishi yetu.

Makala haya yanadhamiria kumzungumzia samaki wa aina hiyo. Yanafafanua hofu ya furu, yule samaki mdogo wa Ziwa Viktoria, anapofugwa katika tangi la kioo, na namna mfugaji anavyoweza kumsaidia hadi akaishi bila kutishwa na watu. Huenda msomaji wa jarida hili akauliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini majini. Sababu ni mbili. Kwanza, nimewafuga samaki hawa na nikakosea, na kosa langu likamgharimu mmoja wao uhai. Pili, maelezo mengi kuhusu ufugaji huu yameandikwa kwa lugha za kigeni, ilhali samaki wenyewe ni wa kwetu na majina yao yamo vinywani mwa wavuvi wetu. Lugha inayoweza kuhakiki riwaya haina budi kuweza pia kueleza jinsi ya kumtuliza samaki.

Hoja kuu inayojengwa hapa ni kwamba samaki mwoga hatolewi mafichoni kwa kunyimwa maficho. Kadiri anavyopewa mahali pengi pa kukimbilia, ndivyo anavyojitokeza zaidi. Hoja hii inaonekana kama kinyume cha mambo, na ndiyo maana inahitaji kufafanuliwa hatua kwa hatua.

Furu ni Nani?

Furu ni wa jamii ya samaki ambayo wanazuolojia huiita Cichlidae. Katika makala haya tutaiita jamii ya sikilidi. Ngege na sato tunaowala mezani ni wa jamii hiyo hiyo. Sikilidi hupatikana barani Afrika, Amerika ya Kati na ya Kusini, na katika sehemu chache za Asia, lakini hakuna mahali wanapojulikana kwa wingi wa spishi zao kama katika maziwa makuu ya Afrika Mashariki: Viktoria, Tanganyika na Malawi. Ziwa Viktoria pekee limekadiriwa kuwa na spishi za furu zipatazo 500. Waluo wanaoishi kandokando ya ziwa hilo humwita fulu. Furu wengi hawazidi urefu wa kiganja cha mkono.

Inafaa kutaja kuwa Kiswahili kimewahi kuingia katika majina ya kisayansi ya samaki hawa. Ipo jenasi iliyopewa jina Pundamilia mwaka 1998, kutokana na mistari iliyo ubavuni mwa baadhi ya samaki wake. Mojawapo ya spishi zilizomo katika jenasi hiyo ni Pundamilia nyererei, iliyofafanuliwa na wataalamu mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Dume wake ana mgongo mwekundu unaong'aa. Kwa hivyo, tunapowajadili furu kwa Kiswahili hatuwaleti ugenini.

Sifa mbili za sikilidi zinahusiana moja kwa moja na mada yetu. Sifa ya kwanza ni malezi. Furu jike akishataga huyaokota mayai yake na kuyaatamia mdomoni kwa muda wa wiki 2 hadi 3, na katika kipindi hicho hula kidogo mno au hali kabisa. Sifa ya pili ni uwezo wa kujifunza. Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa dume wa Astatotilapia burtoni, sikilidi wa Ziwa Tanganyika, anaweza kuwatazama wenzake wakipigana na kukisia nani atamshinda nani, hata kati ya wawili ambao hajawahi kuwaona wakikabiliana. Vilevile, mwaka 2015 watafiti nchini Japani walidhihirisha kwamba sikilidi mwingine wa Tanganyika, Neolamprologus pulcher, humtofautisha jirani na mgeni kwa kuangalia alama zilizo usoni. Hawa si viumbe wasiojua lolote. Samaki anayeweza kujifunza nani wa kuogopwa anaweza pia kujifunza nani asiyestahili kuogopwa.

Kosa la Mwandishi

Mjomba wangu ni mvuvi huko Mbita. Safari moja alipokuja Nairobi aliniletea furu 6 wa mawe walionaswa katika mtego wake, wakiwa ndani ya mfuko wa plastiki uliojazwa maji na hewa. Nilikuwa nimetayarisha tangi la lita 200, nikapanga mawe mengi ndani yake kama alivyonielekeza. Siku kumi na mbili za kwanza sikuona zaidi ya mkia uliokuwa ukipotea nyuma ya jiwe. Wageni walipokuja waliniuliza kama tangi lilikuwa tupu.

Nikaamua kuyatoa mawe. Nilidhani kwamba samaki wakikosa pa kujificha wangelazimika kutuzoea, kama vile mtoto anayetupwa majini ili ajifunze kuogelea. Matokeo yalikuwa tofauti kabisa. Furu wote sita walijikusanya katika pembe moja ya nyuma, rangi zikawapauka, mapezi yakabanwa mwilini. Kila nilipopita walitimka na kuvigonga vioo. Waliacha kula. Siku ya tisa nilimkuta mmoja akielea, pua yake ikiwa imechubuka kwa kugonga kifuniko.

Nilimpigia mjomba simu kumweleza yaliyojiri.

"Mawe umeyapeleka wapi?" akaniuliza.

"Niliyatoa ili waonekane, mjomba."

"Mpwa wangu, hata sisi tukiwa ziwani, pasipo na mawe furu hawa hatuwapati. Yarudishe, kisha uwaache."

Kauli hiyo fupi ndiyo iliyonipeleka kusoma zaidi kuhusu samaki hawa, na ndiyo msingi wa maelezo yanayofuata.

Kiini cha Hofu

Ili kuelewa hofu ya furu, sharti tuyatazame maisha yake ziwani. Furu ni chakula cha wengi. Juu yake kuna ndege wala samaki kama vile mdiria na mnandi, ambao huja ghafla kutoka angani. Chini yake na kandoni kuna samaki wakubwa. Miongoni mwa hao, maarufu zaidi ni sangara, ambaye Waluo humwita mbuta, na ambaye anaweza kukaribia urefu wa mita 2. Sangara hakuwa wa Ziwa Viktoria. Alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno, na furu wa spishi nyingi wakatoweka machoni pa watafiti na nyavuni mwa wavuvi. Wanasayansi wanataja pia sababu nyinginezo, kama vile uvuvi uliokithiri na maji kuchafuka, lakini mchango wa sangara haukuwa mdogo.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba furu hawakuangamia kwa kiwango sawa katika kila sehemu ya ziwa. Wale wa maji ya wazi na ya kina waliathirika zaidi. Wale waliokaa kwenye miamba, mahali penye nyufa na mapango madogo yasiyoweza kuingiwa na samaki mkubwa, walinusurika kwa wingi zaidi. Kwa lugha nyepesi, aliyekuwa na jiwe la kukimbilia alikuwa na nafasi kubwa ya kupona. Ndipo tunapoona uzito wa methali nyingine ya Kiswahili, isemayo kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Furu wa mawe tunayemwona leo ni mjukuu wa waoga waliojua kukimbia. Tunapomlaumu kwa woga wake tunailaumu sifa iliyokifikisha kizazi chake hapa.

Sababu ya pili ya hofu ni maumbile ya hisia zake. Macho ya furu yako pande mbili za kichwa, hivyo huona eneo pana, pamoja na kilicho juu yake. Binadamu anayeliinamia tangi ni kivuli kikubwa kinachoshuka kutoka upande ule ule anaotoka mdiria. Isitoshe, furu hana kope za kufumba, na taa inayowashwa ghafla gizani humshtua bila kinga. Zaidi ya masikio yaliyo ndani ya kichwa chake, ana mstari wa hisia ubavuni unaompa habari za mtikisiko wowote wa maji. Mtoto anapoligonga tangi kwa kidole akidhani anamsalimu samaki, mtikisiko huo huenea majini kote, wala samaki hana mlango wa kuufungia. Hata mlango wa chumba unaobamizwa, au redio iliyowekwa juu ya meza moja na tangi, ni bughudha kwake.

Hofu ikidumu huleta madhara ya mwili. Samaki aliyejaa hofu hali vizuri, hukonda, na kinga yake dhidi ya maradhi hudhoofika. Jike aliyeatamia mayai akitishwa anaweza kuyatema au kuyameza. Kwa hivyo, suala hili haliishii kwenye raha ya kumtazama samaki. Linahusu uhai wake na wa kizazi chake.

Je, Ni Hofu ya Watu au Ni Jambo Jingine?

Kabla ya kuanza kumzoesha samaki, mfugaji hana budi kuthibitisha kuwa kinachomficha ni hofu ya watu. Samaki hujificha kwa sababu kadhaa, na tiba ya moja si tiba ya nyingine.

(a) Maji mabaya. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi kwenye kichujio huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha kuwa nitrati yenye madhara machache. Katika tangi jipya bakteria hao huhitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga. Samaki aliyetiwa mapema humo huhema kwa kasi na kujificha, na mwenye tangi akadhani ni haya. Amonia na nitriti hazionekani kwa macho. Sharti zipimwe kwa vipimo vinavyouzwa madukani. Maji ya mfereji nayo huwa na klorini, ambayo lazima iondolewe kwanza. Furu hupendelea maji yenye alkali kidogo na joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Chumba cha Nairobi mwezi wa Julai hakifikishi joto hilo bila kifaa cha kupasha maji.

(b) Uonevu. Sikilidi dume hujimilikia eneo na kuwafukuza wengine. Katika tangi dogo anayefukuzwa hana pa kwenda. Ukiona samaki mmoja tu anatamba huku wengine wakining'inia pembeni karibu na uso wa maji, mapezi yakiwa yameraruka, tatizo lao ni jirani yao. Dawa ni kuongeza nafasi, kuyapanga mawe upya ili mipaka ya zamani ivunjike na samaki wasionane kutoka pembe moja hadi nyingine, au kumhamisha mwonevu.

(c) Ugonjwa. Samaki mwenye madoa meupe, tumbo lililovimba au kinyesi cheupe kama uzi anahitaji tiba kabla ya mafunzo yoyote.

(d) Uzazi. Jike mwenye koo lililotuna na mdomo usiofunguka kwa chakula huenda anaatamia. Huyo aachwe.

Mambo haya manne yakishaondolewa, ndipo tunapoweza kusema kwamba samaki wetu anawaogopa watu.

Makao Kwanza

Hatua ya kwanza ya kumwondolea samaki hofu hufanyika bila samaki kuguswa. Ni kuyatengeneza makao yake. Tangi liwekwe mahali ambapo watu hawapiti kila mara, mbali na mlango, na juu ya meza imara isiyotikisika. Inafaa liinuliwe hadi usawa wa kifua au uso wa mtu, ili watu wamjie samaki kutoka mbele na wasimtokee kwa juu. Kioo cha nyuma na vya kando vifunikwe kwa karatasi nyeusi au ya buluu iliyokoza. Samaki anayeweza kushambuliwa kutoka pande nne hukosa utulivu, ilhali mwenye ukuta mgongoni huwa na upande mmoja tu wa kuchunga.

Kisha mawe. Yapangwe mengi, yenye nyufa na mapango, na idadi ya mapango izidi idadi ya samaki. Vigae vya vyungu vilivyovunjika navyo vinafaa, mradi makali yake yasuguliwe. Mawe makubwa yakae moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi kabla ya kutiwa mchanga, kwa sababu sikilidi huchimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga linaweza kumwangukia samaki au kukivunja kioo. Pawe pia na pango moja au mawili karibu na kioo cha mbele. Hili ni muhimu sana. Samaki hathubutu kuogelea mbali na maficho yake, kwa hivyo maficho yote yakiwa nyuma, naye atakaa nyuma. Yakiwepo ya mbele, atajaribu kuja mbele.

Hapa ndipo hoja yetu kuu inapodhihirika. Furu hupima umbali kati yake na usalama. Akijua kuwa jiwe liko karibu naye, anaweza kumudu kutoka, kutazama na hata kula, kwa maana kurudi ni rahisi. Asipokuwa na jiwe, kila kivuli ni kifo. Nilipoyarudisha mawe yangu na kuongeza mengine, furu watano waliobaki walipotea kwa siku tatu. Siku ya nne nikaona kichwa kimoja mlangoni mwa pango. Nilikuwa sijawahi kukiona kichwa kizima tangu nilipoyatoa mawe.

Mwanga nao udhibitiwe. Taa ya chumba iwashwe kwanza, na ya tangi iwashwe dakika kadhaa baadaye. Jioni utaratibu ugeuzwe. Mwanga wa tangi usiwe mkali mno wiki za mwanzo.

Fauka ya hayo, wafugaji wenye tajriba hutumia mbinu ya kuwaweka tangini samaki wapole wanaoogelea kwa makundi katika maji ya juu, wasio wadogo kiasi cha kuliwa. Ziwani, samaki wadogo wanapoogelea wazi bila wasiwasi ni ishara kwamba adui hayupo karibu. Furu akiwaona wenzake hao wametulia, naye hutulia. Hata hivyo, samaki wapya watengwe katika chombo kingine kwa wiki 3 au 4 kabla ya kuchanganywa, wasije wakaleta maradhi.

Mazoea ya Kila Siku

Makao yakiwa tayari, mfugaji aanze kumfundisha samaki kuwa ujio wa binadamu ni dalili ya heri. Nyenzo yake kuu ni chakula, na sharti lake kuu ni utaratibu usiobadilika.

Wiki ya kwanza na ya pili, samaki waachwe. Chakula kitiwe kidogo, saa ile ile na mahali pale pale, kisha mfugaji aondoke. Kisicholiwa kwa dakika chache kiondolewe, kisioze. Samaki akikataa chakula siku moja au mbili si jambo la kutia hofu. Kumrundikia chakula ili ashawishike ndilo jambo la hatari, maana huchafua maji na kuturudisha kwenye tatizo la amonia.

Wiki ya tatu na ya nne, mfugaji atie chakula kisha aketi, tena mbali kidogo, kiasi cha hatua tatu au nne. Asisimame, asiwakodolee macho, asinyooshe mkono. Achukue kitabu asome. Mimi nilisoma sehemu kubwa ya marejeleo ya tasnifu yangu mbele ya tangi hilo, na nadhani furu walinizoea kwa sababu sikuwa nikiwashughulikia. Kila baada ya siku chache kiti kisogezwe mbele kidogo. Samaki wakitimka, kiti kirudishwe pale walipokuwa wametulia. Kurudi nyuma hakuharibu kazi. Kulazimisha ndiko kunakoiharibu.

Kuanzia wiki ya tano, chakula kitiwe karibu na kioo cha mbele, na mfugaji abaki pale pale kinapoliwa. Mienendo yake iwe ya polepole na ya kutabirika. Alikaribie tangi kutoka upande mmoja kila siku. Samaki wataanza kuhusisha umbo lake na chakula. Mara nyingi hujitokeza mmoja aliye jasiri kuliko wenzake, na huyo huwa mwalimu wa wengine. Kwangu alikuwa mdogo kuliko wote. Alitoka, akala, akarudi pangoni salama. Wengine walikuwa wakitazama kutoka nyufani. Baada ya siku nne walikuwa watatu, na mwishoni mwa wiki ya saba wote watano walikula nikiwa nimeketi karibu na kioo.

Hatua ya mwisho, kwa anayeitaka, ni kulisha kwa mkono. Chakula hushikwa kwa vidole vilivyonawishwa na kusuuzwa vizuri, visivyo na sabuni wala mafuta, na mkono huwekwa majini bila kuchezeshwa. Samaki ndiye anayekuja. Mkono haumfuati. Vilevile inapendekezwa kuwa kifaa cha kusafishia tangi kisitumike wakati wa kulisha, na wavu wa kukamatia samaki usitumike ila kwa dharura. Tukio moja la kukimbizwa kwa wavu linaweza kufuta kazi ya majuma mengi.

Dalili za mafanikio zi wazi: mapezi yaliyokunjuliwa, rangi zilizokolea, dume kuanza kujionyesha kwa majike, na samaki kusogea mbele mfugaji anapoingia chumbani. Dalili za kurudi nyuma nazo hujulikana: kupauka, kuhema kwa kasi, kubana mapezi na kutimka ovyo.

Mipaka ya Mazoea

Si kila samaki atakayefikia kiwango kimoja. Aliyezaliwa tangini huzoea upesi kuliko aliyevuliwa ziwani, na hata ndugu wa tumbo moja hutofautiana kwa ujasiri. Mfugaji asimpimie mmoja kwa kipimo cha mwenzake. Mwingine ataishi miaka yake yote akitoka kwa tahadhari, ilhali anakula vizuri na ana afya. Huyo hana tatizo linalohitaji kutatuliwa.

Watoto nao wafundishwe. Mpwa wangu wa miaka mitano alikuwa na mazoea ya kuligonga tangi. Sikumkaripia. Nilimwomba azibe masikio kwa ndoo tupu kichwani, kisha nikaigonga ndoo polepole kwa kidole. Tangu siku hiyo yeye ndiye mlinzi wa tangi na huwakanya wageni.

Mwisho, samaki aliyezoea watu asirudishwe ziwani wala kutupwa mtoni. Amepoteza hadhari inayomlinda, na anaweza kupeleka maradhi au kuingia mahali ambapo spishi yake haikuwepo. Historia ya sangara inatosha kutufunza madhara ya kumhamisha samaki bila kufikiria.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba hofu ya furu ina sababu katika historia yake na katika maumbile yake, na kwamba huondolewa kwa makao yenye maficho ya kutosha, maji safi, utaratibu usiobadilika na subira. Yameonyesha pia kuwa kumnyima samaki maficho ili aonekane ni kumdhuru. Baadhi ya spishi za furu sasa zinahifadhiwa katika matangi huko Ulaya na Marekani, mbali na ziwa lao. Hapa kwetu, Ziwa Kanyaboli katika kaunti ya Siaya limekuwa kimbilio la samaki waliotoweka au kupungua sana katika Ziwa Viktoria, akiwemo ngege wa asili. Anayemfuga furu hata mmoja vyema nyumbani kwake anajifunza kumjali kiumbe ambaye wengi wetu tunamjua kama kitoweo tu.

Tunawahimiza wanafunzi wenzetu wa Kiswahili wanaotoka kandokando ya maziwa na bahari wayakusanye majina ya samaki na maarifa ya wavuvi wa kwao, kisha wayaandike kwa lugha hii. Mjomba wangu hajawahi kuandika makala yoyote, lakini sentensi yake moja kuhusu mawe iliwaokoa samaki watano. Nilipokuwa nikiandika aya hii, wanne kati yao walikuwa mbele ya kioo wakisubiri chakula cha jioni. Wa tano, jike mwenye koo lililotuna, alikuwa ndani ya pango lake. Huyo sikumwita.